Vumbi lililomuua Nellie Kershaw

Hivi mtu akikwambia "hakuna ushahidi", huwa unamwelewaje? Kwenye kazi yangu ya kuandika habari maneno hayo nakutana nayo mara kwa mara, ndiyo maana nimevutiwa na kisa cha mwanamke mmoja wa Rochdale, Uingereza.

Nellie Kershaw alianza vibarua vya kiwandani akiwa na miaka 12. Baadaye akawa anasokota nyuzi za asbestosi katika kiwanda cha Turner Brothers. Kifua kilipomzidia, daktari aliandika kuwa ameathiriwa na asbestosi. Kampuni ilikataa kumlipa. Alipofariki mwaka 1924, akiwa na miaka 33 tu, ilikataa hata kuchangia mazishi. Ugonjwa wenyewe, kisheria, haukuwepo.

Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake kwa hadubini. Alikuta makovu, na ndani ya makovu vipande vya asbestosi. Mwaka 1927 akaupa ugonjwa jina: asbestosisi.

Nyuzi hizi zinafanya nini hasa? Njia ya hewa ina ufagio wake: ute hunasa vumbi, vinyweleo vidogo huusukuma juu, nasi tunakohoa. Lakini nyuzi nyembamba hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko seli za ulinzi hujaribu kuzimeza. Uzi ukiwa mrefu kuliko seli yenyewe haumezeki, wala hauyeyuki. Seli inabaki ikimwaga kemikali kali zinazojeruhi nyama ya jirani. Jeraha linageuka kovu, linakuja jeraha jingine, na pafu linakakamaa. Wengine hupata saratani ya mapafu, au mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka. Hiyo huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Na hapo ndipo wenye viwanda walipopata pa kujificha: mgonjwa anaanza kuugua alishaondoka kazini zamani.

Mwaka 1930 Merewether na Price walitoa ripoti ya serikali ya Uingereza. Kati ya wafanyakazi 363 waliopimwa, 95 walikuwa na makovu mapafuni. Sheria ya kudhibiti vumbi ikatungwa mwaka 1931, lakini biashara iliendelea kukua.

Mwaka 1960 Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakihusishwa na machimbo ya asbestosi ya bluu Afrika Kusini. Baadhi hawakuwahi kushika sururu. Walikuwa wakiishi tu jirani na migodi. Huko Uturuki, katika kijiji cha Karain, hapakuwa hata na kiwanda. Watu walikufa kwa nyuzi za erioniti zilizomo kwenye miamba waliyojengea nyumba.

Uingereza ilipiga marufuku asbestosi zote mwaka 1999, miaka 75 baada ya Nellie kuzikwa. Afrika Kusini ikafuata mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akisema hakuna ushahidi, mimi namuuliza: nani aliutafuta, na nani alimlipa?

Nasi Afrika Mashariki bado tunayo majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa asbestosi. Paa likiwa zima, hatari yake ni ndogo. Balaa huanza linapokatwa, kutobolewa au kuvunjwa. Ukiona paa la shule uliyosoma linabomolewa kwa nyundo, na vijana wa kibarua hawana hata kitambaa puani, wewe utanyamaza?