Oili ipi iwekwe kwenye shokapu za mbele za pikipiki?

Wasikilizaji wetu wa bodaboda wanatuuliza swali hili mara kwa mara: shokapu ya mbele inavuja, fundi anasema tuweke oili ya injini kwa sababu ni nzito na itaacha kuvuja, je, ni sawa? Hapana. Oili nzito haizibi sili iliyochanika. Itavuja tu, pengine polepole zaidi, na pikipiki itakuwa ngumu kuendesha.

Ndani ya kila mguu wa mbele kuna springi na oili. Springi inabeba uzito wa pikipiki, dereva, abiria na gunia la mkaa. Oili inapita kwenye matundu madogo, na hapo ndipo inapoipunguzia springi kasi ya kubonyea na kurudi. Pia inalainisha vyuma vinavyosuguana. Ikiwa nyepesi mno, pikipiki inanesa na inainama sana ukishika breki. Ikiwa nzito mno, haipiti kwa wakati. Kwenye barabara ya vumbi yenye vimatuta vinavyofuatana, shokapu inabonyea kwenye cha kwanza, na kabla haijarudi inakuta cha pili, halafu cha tatu. Inabaki chini. Mikono inapokea kipigo, na tairi linarukaruka badala ya kushika ardhi. Ukiwa umembeba mama mjamzito kwenda zahanati, hilo si jambo dogo.

Chupa ya oili ya shokapu huandikwa 5W, 10W, 15W au 20W. Namba ikipanda, oili ni nzito zaidi. Fuata kitabu cha pikipiki. Kama kitabu kilipotea siku nyingi (na kwa wengi ndivyo ilivyo), sisi tungeanza na 10W. Lakini 10W ya kampuni moja si lazima ilingane na ya nyingine. Tafuta maandishi madogo ya cSt kwa nyuzi joto 40: 10W nyingi zipo kati ya 30 na 40. Oili ya injini ya 20W-50 huzidi hapo kama mara nne.

Je, ile oili nyekundu ya gia za magari ya otomatiki? Uzito wake uko karibu na 10W, na vitabu vya baadhi ya pikipiki za zamani za Honda viliitaja kabisa. Ukikosa ya shokapu, hiyo inafaa. Mafuta ya breki usiweke kamwe, yanaharibu sili. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini nayo hapana, ina chembe za chuma. Na usinunue oili iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, hata muuzaji akiapa.

Kiasi nacho kina maana. Pikipiki ndogo kwa kawaida huchukua chini ya robo lita kila mguu, kwa hiyo pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa macho. Ukijaza kupita kiasi, hewa iliyo juu inakosa nafasi, presha inapanda na sili mpya inasukumwa nje. Miguu yote miwili ipate oili ileile na kiasi kilekile. Fundi akisafisha kwa mafuta ya taa, yakauke kabisa kabla ya kujaza, la sivyo yataifanya oili iwe nyepesi.

Baada ya kazi, shika breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa nguvu, uachie. Inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikipanda na kushuka mara kadhaa, oili ni nyepesi au haitoshi.

Sili ikivuja kwenye pikipiki yenye breki ya diski, usisubiri mwisho wa mwezi. Oili inateremka hadi kwenye diski na breki inateleza. Pedi zilizolowa oili zibadilishwe. Kuzipiga msasa hakutoi oili iliyokwisha kuingia ndani.

Wenye baiskeli za milimani zenye shokapu, msichukue vipimo hivi. Nyingi za bei nafuu hazina oili kabisa, zinahitaji grisi tu. Zile za gharama hutumia oili mbili tofauti, moja ya kupunguza mneso na nyingine, mililita chache tu, ya kulainisha.