Kidonge cha Wajerumani Kilichobaki

Kutoka Mpuguso kupanda Tukuyu mjini, barabara inakatiza migomba na mashamba ya chai. Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg, wakakaa hadi 1916 walipofukuzwa na Waingereza. Wakiwa bado hapa, mwaka 1912, kampuni ya Bayer ilianza kuuza kwao Ujerumani dawa mpya ya usingizi, Luminal. Sisi twaijua kama fenobabitoni, kidonge kidogo cheupe anachomeza mgonjwa wa kifafa kabla ya kulala.

Kifafa hakikuwa kwenye hesabu za watengenezaji. Daktari kijana wa Freiburg, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake dawa hiyo ili walale (naye apate kulala, maana inasimuliwa aliishi juu ya wodi). Akaona hawaanguki tena kama zamani, akaandika mwaka huohuo. Baadaye Wanazi walimfunga kwenye kambi ya Dachau kwa Uyahudi wake; alifia Marekani mwaka 1948.

Dawa huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo. Hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo dozi moja kwa siku yatosha, tena ni rahisi kwa bei. Ndugu zake wengi wa ukoo wa babitureti wameachwa: ukizidisha, pumzi hukatika.

Kwetu Tanzania nyayo za dawa hii zinaonekana vizuri zaidi Mahenge. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alifungua kliniki ya kifafa huko mwaka 1960. Alikuta watu wenye makovu ya moto. Mtu akiangukia jikoni, wenzake waliogopa kumshika, wakidhani mate yake yanaambukiza. Fenobabitoni ikawa tegemeo lake. Aliandika pia habari za watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, hali ambayo watafiti sasa wanaihusisha na usubi. Wilaya yetu ya Rungwe nayo imekuwa na usubi, kwa kuwa inzi wanaoueneza hupenda mito iendayo kasi, na hapa mito ya namna hiyo haikosekani. Ndiyo maana habari za Mahenge nazisoma kama za jirani.

Anayeacha kidonge hiki ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kurudiwa na fahamu, hata akafa. Kinapunguzwa polepole, kwa miezi. Wapo wanaoacha wakijiona wamepona, hao huelimishwa. Aliyeambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha, elimu haimsaidii.