Safari ya Toba katika Nchi ya Theluji



Mwezi Julai 2022 sisi waamini wa Kongo tulikuwa tumejiandaa kumpokea Papa Fransisko huko Kinshasa na Goma. Tarehe 10 Juni ikatangazwa kwamba safari imeahirishwa, kwa sababu waganga walikuwa bado wanatibu goti lake. Lakini mwisho wa Julai, goti likiwa lile lile, Baba Mtakatifu alipanda ndege kwenda Kanada. Wengi wetu tulinung'unika: je, wale ni wana, na sisi tu watoto wa kambo? Ili tujibu kwa haki, yatupasa kwanza kuifahamu nchi ile na safari zilizofanywa ndani yake.

Kanada ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani. Eneo lake lakaribia kilomita za mraba milioni 10, yaani zaidi ya mara nne ya Kongo yetu. Mashariki hupita Mto Saint-Laurent. Katikati zimetandaa nyanda za majani. Magharibi husimama milima mirefu. Na kaskazini ni nchi ya barafu, makao ya Wainuit.

Mwaka 1626 Padre Jean de Brébeuf, Myezuiti kutoka Ufaransa, aliondoka Québec kwenda kwa Wahuroni, karibu na ziwa lenye jina lao. Hapakuwa na barabara. Walisafiri kwa mitumbwi ya magome ya miti, na wenye mitumbwi walikuwa Wahuroni wenyewe. Aliporudi huko mwaka 1634, safari ilichukua siku 30. Alihesabu kwamba mara 35 waliibeba mitumbwi mabegani ili kupita maporomoko, na mara 50 au zaidi waliikokota majini. Naye alibeba mizigo pamoja nao.

Mwaka 1637 aliwaandikia mapadre waliotaka kumfuata maagizo ya njiani: msiwacheleweshe wenyeji wakati wa kuondoka; kuleni wanachokula; ingieni mtumbwini miguu mitupu, msije mkaingiza maji na mchanga; na penye maporomoko, kila mmoja abebe kitu, hata kiwe kidogo. Wazee wetu waliobebeshwa wakubwa wa kikoloni katika kipoyi wangaliyashangaa maagizo hayo.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Magonjwa yaliyofika pamoja na Wazungu, hasa ndui, yaliangamiza karibu nusu ya Wahuroni. Vita kati yao na Wairokwa vikamaliza kazi hiyo, na katika vita hivyo Brébeuf aliuawa kwa mateso makali tarehe 16 Machi 1649. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1930.

Baadaye walikuja wengine walioisahau adabu ya mtumbwi. Tangu karne ya 19, serikali ya Kanada ilianzisha shule za bweni kwa watoto wa wenyeji, na nyingi kati yake ziliendeshwa na Wakatoliki. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo. Walitengwa na wazazi wao na kukatazwa lugha zao. Wengi walipigwa na kudhalilishwa, na maelfu hawakurudi nyumbani.

Hiyo ndiyo sababu ya safari ya mwaka 2022. Wajumbe wa wenyeji walikuwa wamemfuata Papa huko Roma, wakampa viatu vidogo vya ngozi, kumbukumbu ya watoto wasiorudi, wakimwomba avirudishe mwenyewe. Tarehe 25 Julai, huko Maskwacis, kwenye nyanda za magharibi, mzee huyo wa miaka 85, akiwa katika kiti cha magurudumu, alivirudisha na kuomba msamaha. Kesho yake alisali kwenye Ziwa Sainte-Anne; kisha akaenda Québec, na tarehe 29 akafika Iqaluit, kwa Wainuit, akaomba msamaha tena.

Basi, vijana, hakuwapendelea wale kuliko sisi. Kwao alikwenda kama mdeni, na deni halingojei goti lipone. Nasi hatukusahauliwa: tarehe 31 Januari 2023 aliwasili Kinshasa. Goma hakufika kwa sababu ya vita, lakini aliwasikiliza wahanga waliotoka Mashariki, na tarehe 2 Februari, katika uwanja wa Mashahidi, alikutana na ninyi vijana pamoja nasi makatekista.

Mtume Paulo aliwaasa Wagalatia wachukuliane mizigo. Sisi tunaofundisha tunakiri kwamba mara nyingi tumewaendea watu tukiwa na majibu kabla ya kusikia maswali yao. Juma hili, katika vikundi vyenu, jiulizeni: katika kijiji au mtaa tunaokwenda kuutembelea, tutabeba mzigo gani wa wenyeji? Na je, kuna viatu vya mtu tunavyopaswa kuvirudisha?