Maji ya Glasgow: Mali ya Mji Mzima

Chama chetu kikitimiza miaka kumi, yafaa tuwatazame waliotutangulia kumiliki mali kwa pamoja.

Zamani mji wa Glasgow, huko Scotland, uliuziwa maji na makampuni. Mengi yalitoka mto Clyde, nao ulikuwa mchafu. Kipindupindu cha 1853 na 1854 kiliua watu zaidi ya 3,000. Halmashauri ya Mji ikaazimu kuleta maji safi kutoka ziwa Katrine, milimani, mwendo upitao maili 30. Mswada wa kwanza ulishindwa Bungeni mwaka 1854. Hawakukata tamaa, mwaka 1855 walipata sheria, wakayanunua makampuni hayo. Tarehe 14 Oktoba 1859 Malkia Victoria aliyafungulia maji hayo. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, waliokufa Glasgow hawakufika mia.

Kazi hiyo haikuwa ya bure. Mji ulikopa fedha, na wakaazi wakalipa ushuru wa maji mwaka hata mwaka.

Nasi tukumbuke: mali ya wote haimwondolei mtu wajibu wa kulipa hisa yake, wala wa kuhudhuria mkutano na kuuliza hesabu.