Njia ya Mtoni na Magurudumu Mawili

Siku hizi umezuka mchezo mpya katika nchi za Ulaya na Marekani. Watu huiacha barabara ya lami kwa hiari yao, wakapanda baiskeli za matairi mapana na kwenda kutafuta njia za vumbi na changarawe zipitazo misituni, vilimani na kandokando ya mito. Huko Kansas, tangu mwaka 2006, hufanyika mashindano ya namna hiyo, na mbio zake kubwa ni za kilometa zipatazo 320. Mchezo umekwisha kufika hata kwa jirani zetu wa Kenya, ambako mwaka 2021 waendesha baiskeli walianza kushindana katika nyika za Wamaasai.

Nilipozisikia habari hizi mara ya kwanza nilicheka kidogo. Kwetu Mtwara, baiskeli kwenye njia mbovu haijawahi kuwa mchezo. Ni gunia la korosho, ni dumu la maji, ni mgonjwa aliyeketishwa kwenye kerieri huku ndugu yake akisukuma. Lakini sikuudharau mchezo wenyewe. Ulinitia swali ambalo sikuwahi kujiuliza: njia hizi tunazopita, nani alizifungua, na kwa nini zimedumu?

Chukua mfano wa Mahurunga. Ukitoka mjini Mtwara kwenda kusini unapita mikorosho na minazi, unavuka vichaka na mchanga unaomeza gurudumu, kisha nchi inaanza kuteremka kwenye bonde la mto Ruvuma. Huko chini udongo ni mweusi, mashamba ni ya mpunga, na mtoni kuna viboko na mamba. Ng'ambo ni Msumbiji. Mwenye baiskeli hujua kila badiliko la ardhi kwa miguu yake, maana mchanga humshusha, mteremko humpumzisha, na tope la masika humfanya yeye aibebe baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye.

Njia za nchi hii ni za kale. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye mlango wa Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda. Alitaka kuwateremsha wanyama wake pale, lakini matope na mikoko vikamkatalia, akaenda kushukia Mikindani. Kutoka hapo alielekea kusini hadi mtoni. Njia aliikuta, ila haikuwa ya ngamia. Ilikuwa njia ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake, mzigo kichwani, na matawi yamefunga juu kama paa. Ikambidi awaajiri Wamakonde wenye mashoka wamkatie msitu ili wanyama wapite. Wanyama wale hawakufika mbali. Walikufa mmoja baada ya mwingine katika safari hiyo.

Jambo hili limenifikirisha sana. Njia iliyomkataa ngamia ndiyo hiyo hiyo iliyoipokea baiskeli bila kukatwa hata tawi moja. Upana wa baiskeli ni upana wa mtu. Ilipokuja ilikuta njia yake imekwisha kukanyagwa na wachukuzi wa kale, wakiwamo wale waliopitishwa kwa nguvu wakiwa watumwa kwenda pwani. Tusisahau hilo tunapoisifu njia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kabla baiskeli haijafika kwetu, misitu yetu ilikuwa imekwisha kutoa mpira. Katika miaka ya 1870 na 1880 wenyeji wa Umakonde walikuwa wakigema utomvu wa mitoria na mimea mingine ya porini, na mpira huo ulisafirishwa kupitia bandari za Lindi na Mikindani. Mwaka 1888 John Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na baiskeli zilipoenea Ulaya katika miaka ya 1890, hamu ya mpira duniani ikazidi. Gurudumu liliporudi kwetu likiwa juu ya Raleigh, tuliliita jina lilelile, mpira.

Wakati huohuo wakubwa walikuwa wakichora mistari. Mwezi Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuufanya Ruvuma kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakakitwaa kipande cha Kionga kilichoko kusini ya mlango wa mto; mwaka 1916 Wareno wakakichukua tena. Wenyeji hawakuulizwa. Wamakonde walikuwa pande zote mbili, nao waliendelea kuoana, kuzikana na kuazimana mbegu. Mtu aliyekwenda msibani ng'ambo aliilaza baiskeli yake ndani ya mtumbwi, akavuka, akaendelea na safari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mradi mkubwa kuliko yote. Waingereza walianzisha mashamba ya karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na ikajengwa reli. Mradi ukafa mwaka 1951. Reli ilijikongoja miaka michache, ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ilibaki, lakini kwa miaka mingi ilikuwa kama nyumba kubwa isiyo na wapangaji.

Je, nani alibeba mazao baada ya hapo? Nilimuuliza mzee mmoja wa Mahurunga swali hilo. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akanionyesha mapaja yake. "Gari lilikuwa hili," akasema. Alinieleza kuwa alinunua baiskeli yake ya kwanza kwa fedha za korosho, na kwamba siku ile kijiji kizima kilikuja kupiga kengele. Mzigo ulifungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Breki zikifa, kandambili iliyokanyagwa kwenye tairi ilitosha.

Baiskeli hiyo iliwahudumia watu katika miaka migumu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, wakimbizi walivuka mto, na vijiji vya mpakani vikaishi kwa hofu kwa miaka kumi. Kisha ilikuja operesheni ya vijiji ya mwaka 1974, na watu wengi wakahamishwa mbali na mikorosho yao. Mazao ya korosho nchini, yaliyokuwa yamefikia tani zipatazo 145,000 mwaka 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: bei, ugonjwa wa mikorosho, na huo umbali wa shamba. Aliyeweza kuurudia mkorosho wake wa zamani ni yule aliyekuwa na miguu imara au magurudumu mawili.

Leo mambo yamebadilika. Daraja la Umoja lilifunguliwa huko juu ya mto mwaka 2010. Pikipiki zimeingia kila kijiji, na kijana akionekana juu ya baiskeli huhesabiwa kuwa maskini. Furaha ya mtoni nayo imepungua. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi waliovuka kutoka Msumbiji walikishambulia kijiji cha Kitaya, katika bonde hilihili, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu hapo mgeni anayependa vichochoro vya mpakani lazima aombe ruhusa na ajitambulishe kwa wenyeji. Hilo ni haki yao.

Hata hivyo nasema kwamba tuna deni. Tumezoea kusikia kuwa kusini tulichelewa kwa sababu hatukuwa na njia. La hasha! Njia tulikuwa nazo. Tulichokosa ni watu wa kuzihesabu, kwa sababu kila aliyekuja na mpango alitafuta njia ya ngamia wake, ya treni yake au ya lori lake. Waliotutunza walipita kimya kimya, kengele moja tu ikilia kwenye kona.

Siombi lami isije. Mama mjamzito wa Mahurunga anaihitaji kuliko maneno yangu. Ninachoomba ni kwamba, kabla tingatinga halijapita, vijana wakae na wazee wao na kuandika majina ya njia: wapi palikuwa pa kupumzikia, mwembe gani ulikuwa wa fundi wa baiskeli, kivuko gani kilikuwa salama wakati wa kiangazi. Wageni wakija siku moja na baiskeli zao za matairi mapana, tuwakaribishe. Lakini wawakute wenyeji wanaoweza kuwaambia ni nyayo za nani wanazozikanyaga.