Samaki Mwenye Majira Yake: Habari za Moru na Wavuvi wa Lofoten

Wavuvi wetu wa Uvira na wa Kalemie wanajua kwamba usiku wa mwezi mpevu taa zao hazina nguvu, maana ndagala hawakusanyiki kwenye taa wakati ziwa lote lina mwanga. Kila samaki ana wakati wake, na mvuvi asiyejua wakati hurudi na mtumbwi mtupu. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za samaki mmoja wa nchi za baridi. Majira yake ya kutaga mayai yamelisha watu kwa miaka elfu na zaidi. Lakini tutaona pia kwamba majira hayo hayo ndiyo yaliyomtia hatarini.

Kwa Kifaransa samaki huyo anaitwa morue, nasi tumwite moru. Wengi wao wanakaa katika bahari ya Barents, kaskazini ya Norwei na Urusi. Huko wanakula na kukua kwa miaka mingi, mara nyingi sita, saba au zaidi, kabla ya kuanza kuzaa. Wakiisha kukomaa, wakati wa baridi kali wanafunga safari ya mamia ya kilomita kushuka kusini, mpaka visiwa vya Lofoten katika pwani ya Norwei. Wanaanza kufika mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu na wa nne ndio wakati wa kutaga hasa, kisha wanarudi walikotoka. Wanorwei wanamwita skrei, yaani msafiri.

Kwa nini waende mbali hivyo? Karibu na Lofoten maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki hukutana na maji baridi ya pwani. Kati ya hayo mawili kuna tabaka la maji yenye joto la digrii 4 mpaka 6 tu, na hapo ndipo moru hupenda kutaga. Jike mmoja mkubwa anaweza kutaga mayai milioni kadhaa. Mayai hayo huelea, na baada ya majuma mawili au matatu hutoka visamaki vidogo sana. Mkondo wa bahari unavichukua polepole kwenda kaskazini, mpaka bahari ile ile walikokaa wazazi wao. Basi wazazi husafiri kupinga mkondo, ili watoto wabebwe na mkondo kurudi kwao.

Watu wa Norwei waliyajua majira hayo tangu zamani sana. Kila mwaka baridi ilipokuja, wanaume waliacha mashamba yao, wakapiga makasia kwenda Lofoten. Mnamo mwaka 1120 mfalme Øystein Magnusson aliwajengea vibanda vya kulala huko Vågan, kwa sababu wengi walikuwa wakilala chini ya mashua zao. Samaki waliopatikana walifungwa wawili wawili kwa mkia, wakatundikwa juu ya vichanja vya miti. Upepo na baridi viliwakausha pasipo chumvi wala moto, wakawa wagumu kama ubao, na waliweza kukaa miaka pasipo kuoza.

Hapo ndipo habari hii inapogusa Kanisa. Zamani siku za kufunga nyama zilikuwa nyingi: Kwaresima nzima, kila Ijumaa, na siku nyingine tena. Katika miji ya Ulaya iliyo mbali na bahari, watu walihitaji samaki asiyeoza. Moru mkavu wa Lofoten alipelekwa kwa merikebu mpaka mji wa Bergen, na kutoka huko akafika katika nchi nyingi za Wakristo. Hivyo wavuvi wa kaskazini waliishi kwa sababu wenzao wa kusini walifunga.

Mwaka 1431 nahodha mmoja wa Venezia, Pietro Querini, alitoka kisiwa cha Kreta na watu 68, merikebu yake imejaa divai ya kupeleka Flandria. Tufani ikavunja usukani, ikamsukuma mbali kaskazini. Merikebu ikaachwa, watu wakaingia katika mashua mbili. Mashua moja ilipotea kabisa. Katika mwezi wa kwanza wa 1432 wale waliosalia walitupwa kwenye kisiwa kitupu karibu na Røst, mwisho wa Lofoten. Wavuvi wakawaona, wakawachukua nyumbani mwao, wakawalisha samaki na maziwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Waliopona walikuwa 11 tu. Querini aliandika kwamba watu wa kisiwa walikuwa kama 120, Wakatoliki wa kweli, na kwamba siku ya Pasaka 72 kati yao walipokea Komunyo. Waitalia wanasimulia kwamba ndiye aliyewajulisha samaki mkavu wa kaskazini, na hata leo wanamla.

Lakini miaka mingine samaki walikuja wachache, na watu hawakujua sababu. Mwaka 1864 serikali ya Norwei ilimtuma mtaalamu Georg Ossian Sars kuchunguza jambo hilo. Watu walidhani mayai ya samaki hulala chini. Kumbe yeye aliyaona ya moru yakielea juu ya maji. Baadaye, mwaka 1914, Johan Hjort alieleza kwamba uvuvi wa miaka mingi unategemea mwaka mmoja mwema: visamaki vya mwaka huo vikipona kwa wingi, wavuvi watashiba muda mrefu.

Tangu hapo swali likawa moja: nani awavue samaki waliokusanyika kutaga, na kwa kiasi gani? Machi 1890, katika mlango mwembamba wa bahari uitwao Trollfjord, meli za moshi zilifunga njia kwa nyavu kubwa, moru wote wakiwa ndani. Wavuvi wa mashua ndogo walikuja kwa mamia, wakapigana mpaka wakaingia. Baadaye sheria ilikataza nyavu za namna hiyo katika Lofoten.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda vibaya zaidi. Katika bahari ya Newfoundland, nchi ya Kanada, moru walikuwa wengi mno wakati John Cabot alipofika mwaka 1497. Kwa karne nyingi watu wa pwani walivua kwa ndoano na nyavu ndogo wakati wa joto, samaki walipokaribia nchi kavu. Kisha zikaja meli kubwa zenye nyavu za kukokota na mitambo ya kugandisha. Ziliwafuata moru mbali baharini, hata wakati wa baridi, walikokusanyika kabla ya kutaga. Mwaka 1968 zilipatikana tani zaidi ya 800,000. Mwaka 1992, tarehe 2 Julai, serikali ya Kanada ilifunga uvuvi huo. Watu kama 30,000 walikosa kazi. Miaka 32 ilipita kabla ya uvuvi wa biashara kufunguliwa tena, mwaka 2024, nao kwa tani 18,000 tu.

Norwei na Urusi wanapatana kila mwaka juu ya kiasi cha kuvua. Kwa mwaka 2013 walikubaliana tani milioni moja. Kwa mwaka 2025 walishuka mpaka 340,000, kwa kuwa samaki walipungua. Kupungukiwa leo ni uchungu kwa mvuvi mwenye deni la mashua, lakini watu wa Newfoundland walionja uchungu ulio mkubwa zaidi.

Jambo hili si la kaskazini tu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa Tanganika kwa miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaa. Tumesikia wengine wakinung'unika, nasi tunaelewa: mtoto mwenye njaa hangojei miezi mitatu. Hata hivyo tukumbuke moru. Saa ambayo samaki wanakusanyika na ni rahisi kukamatwa ndiyo saa wanayotengeneza chakula cha wajukuu wetu. Anayechukua kiasi siku hiyo atarudi mwakani. Anayechukua wote hataona tena majira.