Msituonyeshe Zimwi

Februari 2018 Kisumu ilipiga kelele hadi Nairobi ikaona wivu. Onyesho la kwanza la Black Panther kwa Afrika lililetwa hapa kwetu Dala, na sababu tunaijua sote: Lupita ni wetu, na babake ndiye gavana. Lupita mwenyewe hakufika, lakini nani alijali? Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimefungiwa bweni, nikisimuliwa tu na wanafunzi wa kutwa kuhusu mavazi na foleni na watu waliopiga picha na kila mtu.

Muvi nilikuja kuiona baadaye kwenye laptop ya binamu yangu kule Nyalenda. Niliipenda, sitawadanganya. Lakini ilipoisha kuna kitu kilinikaa rohoni. Black Panther alibuniwa 1966 na jamaa wawili wa New York, Stan Lee na Jack Kirby. Mwaka huo huo wa 1966, mama mmoja mzaliwa wa Asembo, hapa tu ukishika barabara ya Bondo, alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Promised Land. Ndani yake kuna mganga mwenye wivu anayemroga jirani yake hadi ngozi inamtoka vitu kama miiba. Yaani fantasia tulikuwa nayo wakati mmoja na Wakanda. Tofauti ni kwamba mmoja alipata filamu.

Huyo mama ni Grace Ogot. Na ninayotaka kuiongelea leo si hata hiyo riwaya. Ni hadithi yake fupi, "The Rain Came", ile wengi wetu tulikutana nayo shuleni, na ambayo kila mwaka kuna mtu hapa mtandaoni anauliza kwa nini haijatengenezewa filamu. Msururu mzima, kama wa Harry Potter. Naunga mkono. Ila nina sharti moja, na nitalifikia.

Kwanza nikumbushe waliosahau. Mvua imekataa. Mifugo inakufa. Chifu Labong'o ana wake watano na watoto ishirini, lakini binti ni mmoja tu, Oganda. Mganga Ndithi anaota ndoto: mababu wanataka msichana mmoja atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe, na huyo msichana ni Oganda. Sasa angalia alivyoandika huyu mama. Wakati wazee wamejifungia na wazazi wake wakilia, Oganda yuko nje anasikia minong'ono na kudhani wanajadili atakayemuoa! Anaanza kuwapima wachumba kichwani, huyu sawa, yule hapana. Omera, hiyo sehemu ukiisoma ukiwa na miaka 15 inakuuma vibaya sana.

Kijiji kinasherehekea. Wasichana wa rika lake wanamwonea fahari, ati jina lake halitasahaulika. Anatembea peke yake hadi ziwani. Karibu na mwisho, kijana aliyempenda, Osinda, anamshika, anamfunika kwa vazi la majani ili mababu na zimwi wasimwone, na wanatoroka. Kisha mawingu yanajikusanya, radi inapiga, na mvua inamwagika.

Imeisha. Hivyo tu.

Sasa historia yake, kwa sababu hapa ndipo watu huchemka. Wengi wanadhani kuna "hadithi asili" safi mahali fulani na kwamba filamu itakuja kuichafua. Lakini hii hadithi imekuwa ikihama nyumba tangu zamani. Ilikuwa sigana kwanza, ya kusimuliwa usiku siwindhe, nyumba ya dani ambamo wasichana walilala wakifundishwa mambo ya dunia. Grace Ogot, aliyezaliwa 1930, alikua akisikia ngano kutoka kwa nyanya yake. Akasomea uuguzi Uganda, akafanya kazi Uingereza, na mwaka 1962 alikwenda Makerere kwenye ule mkutano maarufu wa waandishi wa Afrika akasoma hadithi aliyoiita "A Year of Sacrifice". Mwaka 1963 ikatokea kwenye jarida la Black Orpheus la Nigeria. Mwaka 1964 ikawa kwenye mkusanyiko mwingine ikiitwa "The Rain Came". Mwaka 1968 ikaingia kitabu chake mwenyewe, Land Without Thunder.

Hebu tulia hapo kwenye jina. Jina la kwanza linakwambia hadithi ni ya kafara. La pili linakwambia mvua ilikuja, nukta. Halisemi ilikuja kwa sababu gani. Kwangu mimi hilo badiliko ni kubwa kuliko lolote ambalo dairekta wa Hollywood angeweza kufanya, na lilifanyika kabla hata kamera haijaguswa.

Na kuna jambo jingine ninalolipenda. Mume wake alikuwa Bethwell Ogot, mwanahistoria, yule aliyetuacha Januari 2025. Mwaka 1967 alitoa History of the Southern Luo, kitabu kilichosimama juu ya masimulizi ya wazee. Mwaka mmoja baadaye mkewe akatoa Land Without Thunder. Fikiria hiyo nyumba jamani. Mzee anachukua maneno ya wazee anayageuza tarehe na vizazi, mama anayachukua anayageuza kilio cha msichana. Nani kati yao alikuwa "mwaminifu kwa asili"? Wote wawili walichagua cha kubeba na cha kuacha.

Tuna mfano mwingine wa kutuonya. Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Okoiti Omtatah, ndiyo, huyo huyo wa kesi za mahakamani na seneta wa Busia, aliandika tamthilia juu yake iliyochapishwa 1991. Kila mtu anataka Lwanda Magere iwe muvi, na naelewa: vita, mikuki, jiwe ambalo bado linaonyeshwa hadi leo. Lakini simulizi yenyewe inasema maadui walimpa mke wao, huyo mke akagundua siri ya kivuli, akakimbia kuwaambia kwao. Maadui ni Lang'o. Kwa lugha ya leo, majirani zetu kule juu, Wanandi na ndugu zao. Ukiipiga hiyo filamu kijinga, umetengeneza saa mbili za kumwonyesha msichana wa Kikalenjin kama nyoka, kisha unaizindua Kisumu huku tukijua Muhoroni na Sondu zinavyoshika moto kwa neno dogo tu. Usimuliaji wa kando ya moto ulikuwa na msimulizi aliyeona nyuso za wasikilizaji akajua wapi apunguze. Klipu ya sekunde 30 haina huyo msimulizi. Kwa hiyo Lwanda Magere, ndiyo, lakini mwanamke yule apewe jina, mama na sababu zake.

Nirudi kwa Oganda na hilo sharti langu.

Mashabiki wa Tolkien wana vita vyao vya miaka. The Lord of the Rings ilitoka 1954 na 1955, filamu za Peter Jackson zikaja 2001, 2002 na 2003, na ile ya tatu ikabeba Oscar 11. Dunia ikashangilia. Lakini Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, aliyetumia maisha yake kuhariri karatasi za babake, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba kitabu kimegeuzwa kuwa muvi ya kupigana. Halafu mwaka huo huo Jackson akaanza kutoa The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto, akakivuta hadi kikawa filamu 3. Kwa hiyo hadithi fupi kuwa msururu si ajabu, njia ishafunguliwa. Ajabu ni kile kinachoongezwa ili kujaza muda, na mara nyingi ni mapigano na madude.

Na kwa "The Rain Came" najua kabisa kitakachoongezwa. Zimwi. Prodyuza yeyote mwenye bajeti atataka tulione: magamba, macho mekundu, maji ya Nam Lolwe yakipasuka, Osinda akirusha mkuki. Litakuwa zuri kwenye trela. Nami pia ningelipigia makofi, usinicheke.

Lakini kwenye hadithi zimwi halitokei. Hata unywele. Oganda anatembea njia nzima kuelekea kitu ambacho hajakiona, ambacho hakuna aliye hai anayesema amekiona, ambacho kiko kwenye ndoto ya mtu mmoja tu. Ukilionyesha, umemwambia mtazamaji kwamba Ndithi alisema kweli. Umempa mganga ushahidi ambao Grace Ogot alikataa kumpa. Na Labong'o naye anakuwa baba aliyelazimishwa na hatari halisi. Bila zimwi, yeye ni baba aliyemtoa mtoto wake kwa maneno ya mtu, huku watu wakimtazama aone aibu au asione. Hiyo ndiyo inayotisha, na haihitaji kompyuta hata moja.

Kuna wanaosema mwisho ni mwepesi, ati mapenzi yameshinda. Someni tena. Mvua imenyesha. Kule kijijini nani anajua kwamba Oganda ametoroka? Hakuna. Wanachokiona ni hiki: tulimtoa msichana, mvua ikaja. Kwa hesabu yao kafara imefanya kazi. Ndithi sasa ndiye mtu mkubwa kuliko wote. Na kiangazi kitarudi, kwa sababu kiangazi hurudi kila mara, na siku hiyo wazee watakaa tena, na hawatasitasita kama mara ya kwanza, maana sasa wana mfano. Wataangalia binti wa nani?

Hiyo ndiyo filamu ya pili, wasee. Imejificha ndani ya mvua ya ile ya kwanza. Oganda akiwa mbali, labda ng'ambo ya ziwa, ana mtoto wake, na anasikia wafanyabiashara wa samaki wakisimulia kwamba kwao kuna msichana mwingine anaandaliwa. Akirudi, anakuwa mzimu ulio hai, na ushahidi kwamba baba yake na kijiji kizima walidanganyika. Asiporudi, anamuua huyo mtoto kwa kunyamaza. Labong'o akimwona atafurahi au ataogopa? Mimi ningelipa tiketi kujua.

Pesa je? Sijui kama ni nyingi hivyo. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, dakika 20 na kitu, Afrika Mashariki isiyo na maji baada ya vita, na ikafika Sundance. Ukame wetu si wa kununua studio. Simba aliyechorwa ni ghali, lakini ardhi iliyopasuka, msichana anayeimba njiani na ziwa lililonyamaza alfajiri pale Dunga ni vitu tunavyo. Waimbe kwa Dholuo, tutasoma maandishi chini.

Na kama ni mimi ninayeandika skripti, najua picha ya kwanza ya filamu ya pili. Njiani kwenda ziwani, mtoto mdogo anamsimamisha Oganda na kumpa hereni: ampelekee dada yake aliyekufa wiki iliyopita, aliisahau. Oganda anaipokea, naye anampa mtoto chakula na maji aliyobeba, kwa kuwa haoni tena kazi yake. Kisha anatoroka. Hatufiki kwa wafu. Hatujaambiwa hereni ilienda wapi.

Basi tuanzie hapo. Mvua inaanza kupungua, watu wawili wamejibanza chini ya mti wakitetemeka, na mmoja wao anafungua kiganja.